Ya Soda Darajani

Nchi nzima imekubaliana kwamba Kigoma ni mwisho wa reli. Makonda wanalisema, fulana zinalisema, na mgeni akishuka stesheni hupiga picha pale kuthibitisha kwamba kweli kaufikia. Hakuna aliyekuja kutuuliza sisi wa Kasulu na Kibondo. Sisi ni watu wa Kigoma kwenye ramani na kwenye fomu ya sensa, lakini reli hatuna hata taruma moja la kukalia jioni. Ikiisha kule chini ziwani, kwetu ndiyo kwanza mtu anajitwisha begi atafute gari la kupanda mlima. Kibondo ndiyo usiseme. Kutoka stesheni ya Kigoma mpaka huko ni zaidi ya kilomita 200, na enzi za vumbi mtu alikuwa akifika nyumbani mkewe anamvutia kiti na kumuuliza kwa heshima zote, mgeni anatokea wapi.

Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni siku alipoingia mteja, nikayameza. Fundi picha wa leo akisikia neno "oda" hana tena maoni. Studio yangu hapa Kasulu inaishi kwa paspoti saizi, mahafali ya darasa la saba na misiba. Harusi zimechukuliwa na vijana wenye drone. Hata hizo paspoti zenyewe, mtu anakuja na picha aliyojipiga amelala, anataka nimwondolee mto na shuka, nimwekee ukuta wa bluu, halafu anauliza kwa nini namtoza hela nzima wakati sura kaja nayo mwenyewe.

Mteja wangu ni mama mwenye gesti hapa Kasulu, na nyingine alikuwa anaimalizia Kibondo. Akakaa, akajipepea na risiti zangu, akasema, "Mwanangu, nataka picha kubwa ya kuweka mapokezi. Mbili, moja ya hapa na moja ya Kibondo. Historia ya kwetu. Daraja la reli, lile la zamani."

"Mama, reli haipiti kwetu."

"Najua haipiti. Kwani twiga wanapita? Mbona kila gesti ina picha ya twiga?"

Kwa hoja hiyo nilishindwa. Akanipa nauli ya kwenda, akaniambia ya kurudi na ya kazi nitaikuta mezani. Nyinyi mnaojua biashara mmeshaelewa kwamba pale pale ndipo nilipoliwa.

Daraja lililo karibu nasi ni la Malagarasi, mashariki ya Uvinza, kwenye njia ya Tabora. Nikapanda Probox. Probox ya kwetu ina viti vitano kwa mujibu wa kadi ya gari, na watu tisa kwa mujibu wa dereva. Mimi nilipewa mapaja yangu mwenyewe, kamera juu yake, na juu ya kamera dumu la mawese la bibi mmoja aliyekuwa akinihakikishia kila kwenye kona kwamba kifuniko kimekaza. Tunateremka. Kasulu mtu unaondoka na koti, Uvinza unafika umelivua, unatafuta pa kulitupa.

Njia nzima nilikuwa nawaza mto. Malagarasi ni wetu, si kwa maneno. Unaanzia kwenye milima ya mpakani na Burundi, unakuwa mpaka kwa kipande kirefu, unazunguka nyuma ya Kibondo, unaingia kwenye yale mabwawa na matete ya Muyovozi ambayo mwaka 2000 yaliwekwa kwenye orodha ya Ramsar, ya kwanza kwa nchi hii, halafu unageuka magharibi kwenda ziwani. Kilomita 475 hivi. Ruchugi nao unashuka kutoka pande zetu, unakutana nao Uvinza. Maji yanatoka kwetu. Wakati wa kujenga daraja ulipofika, wakaenda kulijenga mahali ambapo mto umeshachoka na hauwakumbuki waliouzaa.

Uvinza pale nilinunua chumvi, maana kurudi Kasulu kutoka Uvinza bila chumvi ni kutafuta maneno na mke. Chumvi ile si ya jana. Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta ushahidi kwamba watu wanachemsha maji ya chemchemi zile tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Karne ya 19 kiangazi kikiingia watu walikuwa wanamiminika kwa maelfu, wanapiga kambi, wanachemsha, wanafunga mizigo, na chumvi inapanda Uha kwetu, inakwenda Burundi, inavuka ziwa. Na watawala wa Uvinza wanachukua fungu lao kwa kila anayechemsha. Hilo fungu liwekeni kando, nitalirudia.

Basi nikafika Malagarasi. Barabara ya magari ina daraja lake jipya, Daraja la Kikwete, lililojengwa kwa mkopo wa Korea, pana, safi, halina historia yoyote ya kumsumbua mtu. La reli ndilo nililotumwa. Nikashuka kwenye tuta, nikafungua begi, nikatoa kamera, nikaweka jicho. Kwenye kioo nikaona kitambi.

Kilikuwa cha mgambo.

"Unapiga nini?"

"Daraja."

"La nini?"

"La gesti."

Akafikiri. "Gesti gani ina daraja?"

Nikamweleza. Akanieleza na yeye, kwa upole wa mtu aliyekula, kwamba hiki ni kitu nyeti cha serikali, hakipigwi picha hovyo. Nikamwambia ndugu yangu, daraja hili lina miaka zaidi ya 100, Wajerumani walilipiga picha wakachapisha kadi za posta wakawatumia shangazi zao. Akasema, "Basi nenda kawaombe Wajerumani."

Ikabidi nitafute barua. Mtendaji yuko semina. Mwenyekiti yuko shamba. Shamba liko mbali. Mwenye mhuri ni mtu mwingine kabisa, na mhuri upo lakini wino umekauka, hivyo kuna mchango wa wino. Barua ikaandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la mtoto, nyuma yake kuna hesabu za kugawanya ambazo zote zimekosewa. Nikarudi nayo darajani, mgambo akaisoma pande zote mbili, hesabu nazo akazisoma, akasema barua haina tatizo. Kilichobaki ni ya soda.

Nilitaka kugomba. Koo lilishafunguka. Halafu nikatazama ule mto, nikakumbuka ni nani waliokuwa wakidai hapo zamani, nikajikuta natoa hela huku nacheka, mgambo akadhani jua limenipanda kichwani.

Maana mahali pale mtu hajawahi kuvuka bure. Misafara ya pembe na vitambaa iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ilikuwa lazima ivuke Malagarasi kwa mitumbwi, na mitumbwi ina wenyewe. Burton na Speke walilipa mwaka 1858. Stanley alilipa mwaka 1871, alipokuwa anamtafuta Livingstone. Kitabu chake ni kirefu, lakini mimi kurasa nilizozisoma kwa raha ni zile za Malagarasi, pale mzungu mwenye bunduki na bendera anapigishana kelele na wenye mitumbwi juu ya nauli, na nauli inapanda kila mtumbwi ukifika katikati ya safari. Chifu Nzogera wa Uvinza alikuwa ameshachukua chake, wavushaji wakachukua chao, na mamba naye akachukua chake. Punda mmoja alikuwa anavushwa kwa kamba, mamba akamkamata, akazama naye. Punda huyo Stanley alimpa jina Simba. Mamba hakuuliza jina.

Akavuka, akadhani kamaliza. Kumbe sasa ndiyo anaingia Uha, kwa wazee wetu. Mwakilishi wa mwami, yaani mfalme wetu, kwa jina Mionvu, akamkalisha kitako, wakajadiliana vitambaa mchana kutwa, akalipa. Akasogea mbele kidogo, akaambiwa kuna mwingine anasubiri, na baada ya huyo wako wengine. Stanley alipiga hesabu akaona atafika Ujiji na kaptula tu. Akatafuta mtu wa kumwonyesha njia za porini, usiku wakaondoka kimyakimya, kila mtu kaamriwa asitoe sauti, wakapita pembeni ya Uha wakinyatia mpaka wakatokea upande wa pili. Siku chache baadaye yuko Ujiji anavua kofia na kutoa ile salamu yake ambayo dunia nzima inaijua. Vitabu vya shule vinamwita mpelelezi. Kwa mahesabu ya Kasulu ni mkwepa ushuru.

Na ulikuwa ushuru halali, msinitazame hivyo. Wenye nchi walikuwa na lango, mpita njia analipa, anapewa ulinzi na chakula kinauzwa njiani. Ndiyo kazi inayofanywa na kila bandari duniani hadi leo, tofauti ni kwamba wao wana mashine ya risiti.

Kilichotuondoa langoni ni daraja. Wajerumani walianza reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma Februari 1914. Kilomita 1,252, reli ya upana wa mita moja, kampuni ya Philipp Holzmann ndiyo iliyoshika kazi. Kazi ya kuibeba wakashika wengine, na majina yao hayakuandikwa kwenye kibao. Tangu siku behewa la kwanza lilipovuka pale, mzigo uliokuwa unapita kwa miguu ukilipa kila kwenye kijito ukaanza kupita kwa kelele na moshi bila hata kusalimia. Ile hongo ya njiani ikahama kutoka kwa mwami ikaingia kwenye dirisha la tiketi. Sisi wa milimani tukabaki na maoni.

Hata meli ilivuka mto ule kwa reli. Hii huwa nawaambia watoto wa mahafali hawaniamini. Ile Liemba, enzi hizo ikiitwa Graf von Götzen, ilijengwa Papenburg kule Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena, ikaingizwa majini Februari 1915. Meli nzima imepita juu ya daraja, mto uko chini unaitazama.

Wajerumani hawakuifaidi. Reli imefika Februari, Agosti vita imeanza. Mwaka 1916 Wabelgiji wanakuja kutoka Kongo, Wajerumani wanarudi nyuma kufuata njia yao ya reli na kulipua madaraja waliyoyajenga kwa jasho la watu wengine, na ile meli wanaizamisha kwa mikono yao, Julai. Mjenzi yeyote wa Kasulu angewaambia wangengoja kwanza. Wabelgiji wakashika Kigoma, Ujiji na huku kwetu juu mpaka 1921, ndipo Waingereza wakapewa. Lakini Mbelgiji hakuondoka mikono mitupu. Alibakishiwa eneo lake bandarini Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Mimi kibanda changu cha studio, mlango hauna komeo na paa linavuja juu ya printa, mwenye nyumba anataka miezi sita mbele.

Yote haya nilikuwa nayawaza huku natafuta pembe ya kupigia. Pembe zilikuwa ngumu. Ukisimama kaskazini, jua linakupofusha. Ukisimama kusini, mbuzi. Nilichuchumaa katikati ya njia, reli mbili zimeng'aa juu kwa kusuguliwa na magurudumu na ubavuni zina rangi ya chai ya rangi, mataruma ya chuma yanatoa mlio wa sufuria tupu ukiyagonga kwa kisigino. Kati ya taruma na taruma unauona mto unapita chini, wa kahawia, hauna haraka. Mimi kichwa kikaanza kuzunguka, nikashika reli kwa mikono miwili. Wakati huo huo akatokea mama mmoja anavuka kutoka ng'ambo. Ndoo ya dagaa kichwani, mtoto mgongoni, simu imebanwa kati ya sikio na kilemba, anamgombeza mtu kwenye simu kuhusu hela ya kikundi. Miguu inakanyaga mataruma moja baada ya jingine bila kukosea. Hakutazama chini hata mara moja. Alinipita, akasema "pole, kaka," akaendelea kugomba.

Nilibofya. Hiyo ndiyo picha. Nimekuwa kwenye kazi hii tangu enzi za filamu na najua picha ikiingia.

Na hapo niseme la babu, maana bila yeye nisingekuwa na sababu ya kununa. Babu alikuwa mtu wa Muhambwe, Kibondo hiyo. Waingereza walipokuja walitaka kodi, na kodi walitaka shilingi, si maharage wala asali. Shilingi ya karibu ilikuwa Tanga. Angalieni ramani, muone huo ukaribu. Uha ikahesabiwa kuwa mahali pa kuvuna watu. Mkonge wa Tanga na Morogoro ukakatwa na vijana wa Kasulu na Kibondo, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao kabisa, SILABU, ya kutafuta vibarua, mawakala wake wanapanda mpaka milimani kwetu. Babu aliteremka kwa miguu mpaka kwenye reli, akapandishwa, akavuka daraja lile kuelekea mashariki na namba yake shingoni. Akarudi na blanketi, baiskeli na kikohozi. Kaka yake hakurudi, alizikwa Korogwe. Kwa hiyo mtu akiniambia daraja la reli si historia ya Kasulu kwa kuwa reli haipiti Kasulu, namwelewa, lakini namwambia watu wa Kasulu ndio waliokuwa wanapita. Mwami alikuwa analipwa watu wakipita kwake. Wajukuu zake wakawa ndio mzigo.

Nikarudi Uvinza, nikapanda gari la kupanda mlima. Dereva wa safari hii alikuwa na habari moja tu, SGR. Kweli, Januari 2025 mkataba ulisainiwa wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi, kilomita 282, na Agosti mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa huko Musongati. Huko wana nikeli, nyingi sana, inatafuta njia ya kwenda baharini. Kutoka Uvinza hadi Burundi hakuna namna, lazima reli ipande kwetu. Abiria walifurahi. Mmoja alishaanza kupanda miembe kwenye shamba lake la mahindi kwa ajili ya fidia, anataka kujua kama parachichi zinalipa zaidi. Mimi nikauliza swali moja, kwamba nikeli ikipita kwetu itatuachia nini. Gari zima likanyamaza, bibi mmoja akasema, "Huyu ni mtu wa picha, msimjali."

Nikachapisha. Picha nzuri, kubwa, fremu nikachonga kwa seremala. Mama mwenye gesti akaja, akavaa miwani, akatazama muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama aliyekuwa anavuka."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini awe mapokezi kwangu? Wageni wataniuliza. Na hiyo ndoo, mtu anaingia kulala anakaribishwa na dagaa. Mtoe."

Nikamwambia Mama, huyo ndiye picha yenyewe, bila yeye ni vyuma. Nikamweleza ya babu, nikamweleza ya mkonge, nikafika mpaka kwa Mionvu. Alinisikiliza vizuri, maana ni mtu mwenye adabu, halafu akasema, "Pole sana, mwanangu. Mtoe."

Nikakaa kwenye kompyuta nikamfuta. Kwanza ndoo, halafu kilemba, mtoto, miguu. Kazi ile ina mateso yake. Kila ukifuta mtu lazima ubuni kilichokuwa nyuma yake, nikajikuta natengeneza mataruma ambayo hakuna Mjerumani aliyeyaweka. Nilipomaliza, mteja akaomba bei ipungue. Sababu yake ni kwamba mwanzo picha ilikuwa na watu wawili na ndoo, sasa haina kitu.

Ya Kibondo nilitakiwa niipeleke mwenyewe, kioo kisivunjike. Nikaikumbatia kwenye basi. Siku hizi kuna lami, nashukuru. Zamani mabasi ya njia ile yalikuwa yanakwenda kwa msafara na askari mbele kwa ajili ya majambazi, na vumbi unalitema wiki nzima. Sasa ni lami, matuta na vizuizi. Kwenye kizuizi kimoja jamaa akapanda, akaangalia sura za watu, akanichagua mimi. Sisi Waha wa mpakani tumezoea, ukiwa na pua fulani na mzigo mkubwa lazima uthibitishe kuwa hukuzaliwa ng'ambo. Kambi za wakimbizi zimekaa kwetu miaka mingi, Nyarugusu tangu 1996, Nduta imefunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena 2015, na kila zikifunguliwa sisi wenyeji tunaanza upya kujieleza.

"Wewe ni wa wapi?"

"Kasulu."

"Babu zako wamezikwa wapi?"

"Mmoja Kibondo. Mmoja Korogwe."

"Muha gani anazikwa Korogwe?"

Nikaigeuza ile fremu, nikamwonyesha daraja. Akalitazama, akanitazama, akaona maelezo yatakuwa marefu na basi limesimama juani. Akashuka. Hakudai ya soda, naomba iingie kwenye kumbukumbu.

Kibondo tukaitundika. Mama mwenyewe alikuwapo, anasimamia mafundi wa vigae. Pale mapokezi alikuwa ameketi mzee mmoja, mgeni wa kwanza wa gesti hata kabla haijafunguliwa, amekuja mjini kwa shughuli za kiinua mgongo cha mwanawe aliyefariki. Mzee mrefu, koti la mvua, fimbo. Akainuka akaisogelea picha mpaka pua ikagusa kioo.

"Malagarasi," akasema.

Nikafurahi kweli. "Ndiyo, mzee. Unapafahamu?"

"Nimekata mkonge miaka minne. Hii inaelekea wapi, Tabora au Kigoma?"

"Mzee, ni daraja. Linaelekea kote."

"Hakuna kitu kama hicho," akasema mzee. "Kulikuwa na kwenda na kulikuwa na kurudi. Kama hii ni ya kwenda, iondoeni. Mimi nimelipia chumba nipumzike."

Nikatafuta. Treni hakuna, kivuli hakisemi kitu, na yule mama wa dagaa, ambaye angalau angeonyesha alikuwa anatoka upande gani, nilishamfuta mwenyewe. Mama mwenye gesti akaja akasimama katikati yetu, mikono kiunoni.

"Umesikia mgeni anavyosema? Nenda kanipigie ya kurudi. Na safari hii iwe na treni, watu waone inakokwenda."

Nikamfungulia hesabu pale pale. Nauli ya Uvinza, nauli ya Malagarasi, wino wa mhuri, soda. Nikamwambia na treni ya abiria ina saa zake inazozijua yenyewe, naweza kulala pale tutani nikiliwa na mbu na ikapita usiku wa manane, nikarudi na picha ya taa. Akanisikiliza, akanipigia kikokotoo kwenye simu, akaona jumla, akaizima.

"Basi tusubiri hiyo SGR. Nasikia ina ratiba. Utaipigia huko huko Kasulu kwenu, hata nauli hutahitaji."

"Na salio langu, Mama?"

"Litakuja nayo, mwanangu."